Nambari ilipohama: uchambuzi wa kisa cha nyaraka za moduli ya usalama wa seva

Usuli

Kisa hiki kinahusu kampuni moja ya Afrika Mashariki inayopokea na kupitisha malipo ya kadi kwa niaba ya wafanyabiashara. Jina la kampuni, nchi, mwezi na majina ya wahusika yameondolewa, na mpangilio wa mashine umerahisishwa kidogo ili usitambulike. Mwandishi alikuwa mmoja wa wahandisi wanne wa timu ya miundombinu, na sehemu ya makosa yanayoelezwa hapa ni yake mwenyewe.

Kwa kuwa kampuni inagusa data za kadi, inabanwa na kiwango cha usalama wa data za kadi kiitwacho PCI DSS. Sharti la 2.2.1 katika toleo la 4.0, lililotoka Machi 2022, lilitaka viwango vya usanidi viandikwe, vitekelezwe na vitunzwe, vilingane na miongozo inayokubalika katika sekta, na vithibitishwe kabla ya seva kuingia kazini au mara tu inapoingia. Sisi tulilitimiza sharti hilo kwa kufuata mwongozo wa CIS, shirika linalotoa miongozo ya usalama wa mifumo, kwa ajili ya mfumo endeshi wa Red Hat Enterprise Linux 8. Mwongozo huo tuliutekeleza kwa moduli, yaani furushi la msimbo, ya Puppet iliyoandikwa humuhumu ofisini.

Kwa msomaji asiyeifahamu Puppet, mfumo wa kusanidi seva nyingi kwa pamoja, inatosha kujua kwamba kila seva ina programu ndogo, tuliyozoea kuiita ajenti, ambayo kwa kawaida huamka kila baada ya dakika 30, huiuliza seva kuu hali inayotakiwa, huilinganisha na hali iliyopo, na palipo na tofauti hurekebisha bila kumwuliza mtu. Thamani zinazotofautiana kati ya seva na seva tuliziweka katika Hiera, yaani mafaili ya maandishi ya muundo wa YAML yaliyopangwa kwa ngazi: ya seva zote, ya kundi, kisha ya seva moja moja.

Moduli hiyo ilianzishwa na mhandisi ambaye alikuwa amekwisha kuhamia kwingine. Msimbo wake ulikuwa safi kuliko wa wengi wetu, na alifanya uamuzi ulioonekana wa busara: kila kigezo, yaani swichi ya kuwasha au kuzima kanuni moja, alikipa jina la nambari ya kanuni inayohusika katika mwongozo wa CIS. Kigezo cha kanuni 3.1.1 kiliitwa `enforce_3_1_1`, cha 3.1.2 kikaitwa `enforce_3_1_2`, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Mkaguzi aliweza kushika mwongozo kwa mkono mmoja na moduli kwa mkono wa pili, akahesabu.

Nyaraka zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa README fupi yenye maelezo ya kusakinisha. Ya pili ilikuwa REFERENCE.md, faili linalozalishwa na chombo kiitwacho Puppet Strings kutokana na maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo juu ya kila darasa, yaani kundi la msimbo. Maelezo ya kigezo kimoja, yakitafsiriwa, yalisomeka hivi: «`enforce_3_1_1`. Aina: Boolean. Thamani ya awali: true. Hutekeleza kanuni 3.1.1.» Vigezo vyote vilikuwa na maelezo ya namna hiyo. Hapakuwa na neno lisilo la kweli katika faili lile, na kwa muda mrefu tulijisifu kwamba moduli yetu ina nyaraka kamili.

Mfululizo wa matukio

Wiki kadhaa kabla ya ukaguzi wa mwaka, iliamuliwa kwamba moduli ihamishwe kutoka toleo la 1.0.0 la mwongozo wa CIS, la mwaka 2019, kwenda toleo la 2.0.0 la mwaka 2022. Kazi ilionekana ya kuchosha kuliko kuwa ngumu, kwa sababu kanuni nyingi zilibaki vilevile na kubadilishiwa nambari tu. Mhandisi aliyepewa kazi alipita sura baada ya sura, akahamisha msimbo wa kila kanuni chini ya nambari yake mpya, kisha akazalisha REFERENCE.md upya. Faili jipya lilikuwa sahihi kama lile la zamani.

Hapa inafaa kukaa kidogo na kanuni moja. Katika toleo la 1.0.0, kanuni 3.1.1 inataka seva isipitishe pakiti za mtandao kutoka kiolesura kimoja kwenda kingine, maana yake `net.ipv4.ip_forward` iwe 0. Katika toleo la 2.0.0, kanuni hiyohiyo imehamia 3.2.1, na nafasi ya 3.1.1 imechukuliwa na suala la IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao. Nambari 3.2.1 nayo haikuwa wazi hapo zamani; ilikuwa ya kukataa pakiti zinazojichagulia njia. Kwa hiyo majina yote mawili ya vigezo yalikuwapo kabla ya kuhama na yakabaki baada ya kuhama, ila kila moja lilikuwa na maana nyingine.

Kundi letu la seva zinazoendesha makontena ya Docker, yaani programu zilizofungwa kila moja katika boma lake ndani ya seva moja, lilikuwa na faili lake katika Hiera, na ndani ya faili hilo, kwa miaka, ulikaa mstari huu:

`hardening::enforce_3_1_1: false`

Mstari ulikuwa peke yake, bila maelezo wala tarehe. Aliyeuandika alijua kwamba makontena yaliyo kwenye mtandao wa daraja wa Docker, ulio ndani ya seva yenyewe, hayawezi kuwasiliana na nje ya seva ikiwa kupitisha pakiti kumezimwa, kwa hiyo akaliondoa kundi hilo chini ya kanuni. Alikuwa sahihi. Baada ya moduli kuhamia toleo jipya, mstari huo uliendelea kukaa palepale, ukiziondoa seva zilezile chini ya kanuni isiyozihusu, huku kanuni ya kupitisha pakiti, sasa ikiwa na jina `enforce_3_2_1` na thamani ya awali true, ikizishika seva za makontena kwa mara ya kwanza. Puppet haikutoa onyo, kwa kuwa kwa upande wake hapakuwa na kosa.

Tulipima kabla ya kupeleka. Seva za majaribio hazikuwa na makontena, kwa hiyo huko hakuna lililoonekana. Kwenye seva moja ya kazi tuliendesha ajenti katika hali ya noop, ambapo Puppet hueleza ingebadilisha nini bila kubadilisha. Ripoti ilikuwa ndefu, kwa sababu majina ya rasilimali nyingi yalikuwa yamebadilika, na katikati yake ulikuwamo mstari uliosema kwamba `net.ipv4.ip_forward` itatoka 1 kwenda 0. Mwandishi wa uchambuzi huu aliusoma mstari huo kwa macho yake na akaupita. Uliandikwa kwa sura ileile ya mistari mingine yote, kila mmoja ukionyesha seva inayotoka katika hali isiyokubalika kwenda katika hali inayotakiwa na mwongozo; kwa mtu anayejiandaa kwa ukaguzi, mstari wa namna hiyo unasomeka kama habari njema.

Moduli ilipelekwa alasiri. Usiku, mhandisi wa zamu alipokea taarifa kwamba huduma mbili za ndani hazijibu. Alizijaribu akiwa ndani ya seva yenyewe, kwa kupiga 127.0.0.1, anwani ambayo seva hujiita yenyewe, zikajibu mara moja. Kutoka seva nyingine, kimya. Tofauti hiyo ilimpotezea karibu saa nzima, kwa sababu ilimfanya ashuku swichi na ngome ya mtandao, akawaamsha watu wa mtandao ambao hawakuwa na kosa. Ufafanuzi wake tuliupata baadaye: ombi linalotoka ndani ya seva hupokewa na programu ndogo ya Docker inayolifikisha kwenye kontena bila kuhitaji kupitisha pakiti, ilhali ombi la kutoka nje hutegemea kupitisha huko.

Alipochoka kutafuta, aliiwasha Docker upya, na huduma zikarudi. Alifunga taarifa. Dakika chache baadaye zikakatika tena. Akawasha tena, zikarudi, zikakatika. Alimpigia simu mhandisi mwandamizi akamwambia: «Kaka, nikiwasha Docker upya huduma zinarudi, nikikaa kidogo zinakufa, na kila seva ina dakika yake ya kufa.» Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyofungua fumbo. Docker inapoanza, yenyewe huiweka `ip_forward` kuwa 1. Ajenti ya Puppet, inapoamka katika nusu saa yake, huirudisha kuwa 0. Programu mbili zilikuwa zinavutana kamba, kila moja ikitimiza wajibu wake, na kila seva ilikatika kwa ratiba ya ajenti yake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanywa usiku uleule: ajenti zilisimamishwa kwenye seva za makontena tu, kwa amri ya `puppet agent --disable` ikiambatana na ujumbe wa sababu, kisha `ip_forward` ikarudishwa kwa mkono. Kulikuwa na pendekezo la kuirudisha moduli nzima kwenye toleo la zamani. Tulilikataa kwa kuwa seva nyingine zote zilikuwa salama, na kurudi nyuma kungewapa wakaguzi mfumo unaofuata mwongozo uliopitwa na wakati siku chache kabla ya kuja kwao. Gharama ya uamuzi huo ilikuwa kwamba kwa siku mbili seva za makontena hazikuwa chini ya uangalizi wowote wa moduli, jambo ambalo tuliliandika kwenye daftari la matukio bila kulipamba.

Asubuhi, hatua ya haraka ingekuwa kuongeza mstari wa pili kwenye Hiera na kuendelea na kazi. Tuliuongeza, lakini mjadala wa siku ile ulikuwa juu ya nyaraka. Swali lililoulizwa na kiongozi wa timu lilikuwa rahisi: kama mhandisi wa zamu angefungua REFERENCE.md saa nane usiku na kutafuta neno «Docker» au neno «kontena», angepata nini? Tulitafuta. Hakukuwa na kitu. Faili lote lilikuwa linajibu swali la mkaguzi, yaani ni kanuni zipi zinatekelezwa, na halikuwa na hata sentensi moja kwa mtu aliyeumizwa na kanuni.

Tuliamua kwanza kubadilisha majina ya vigezo. Kila kigezo kilipewa jina la kitendo, kwa mfano `disable_ip_forwarding`, na nambari za CIS zikahamishiwa kwenye jedwali la pekee lenye safu ya toleo la mwongozo, safu ya nambari na safu ya jina la kigezo. Sababu ni kwamba nambari ni mali ya mwongozo, nao hupangwa upya kila unapotoka, ilhali kitendo ni mali yetu. Mabadiliko hayo yalikuwa na hatari yake, kwani Hiera ikikuta ufunguo usiotumika hunyamaza. Mtu angeweza kuacha jina la zamani katika faili na kudhani bado linafanya kazi. Kwa hiyo tuliandika ndani ya moduli ukaguzi unaotafuta majina ya zamani na kusimamisha kazi kwa kosa lililo wazi endapo hata moja litapatikana.

Kisha tukaamua kwamba maelezo ya kila kigezo yajibu mambo manne: kinabadilisha faili au thamani gani, ni aina gani ya seva itakayoumia, dalili za kuumia zinaonekanaje kwa mtu asiyejua chanzo, na jinsi ya kuiondoa seva chini ya kanuni hiyo kwa utaratibu. Jambo la tatu ndilo lililobishaniwa zaidi. Wapo waliosema dalili ni kazi ya mwongozo wa zamu na si ya marejeo ya moduli. Hoja iliyoshinda ni kwamba anayeijua dalili vizuri zaidi ni yule anayeandika kanuni wakati anaiandika, na akiiahirisha hataiandika tena.

Uamuzi mwingine ulihusu misamaha. Kila mstari wa Hiera unaoiondoa seva chini ya kanuni ulitakiwa kutanguliwa na maelezo ya sababu, cheo cha mwenye dhamana, tarehe ya kupitiwa upya, na ulinzi mbadala. Kwa kupitisha pakiti, ulinzi mbadala ulikuwa kanuni za iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, katika mnyororo wa DOCKER-USER, ambazo zinaruhusu tu mawasiliano yanayojulikana.

Mwisho ni lugha. Nyaraka zetu zote zilikuwa kwa Kiingereza, kwa kuwa mkaguzi anatoka nje na majina ya vigezo ni ya Kiingereza. Lakini tulipopitia ujumbe wa usiku wa tukio katika kundi letu la simu, kila maelezo yaliyomsaidia mtu wa zamu yalikuwa kwa Kiswahili, mafupi na yenye kueleweka kuliko chochote kilichomo katika hazina ya msimbo. Tuliamua REFERENCE.md ibaki kwa Kiingereza na mwongozo wa zamu uandikwe kwa Kiswahili, ukichukua sehemu ya dalili kutoka kwenye marejeo.

Matokeo

Ukaguzi ulipita. Mkaguzi aliukubali msamaha wa seva za makontena baada ya kuona ulinzi mbadala, na akatoa dosari moja ndogo: jedwali la nambari halikuonyesha nani ameidhinisha kila msamaha. Tuliongeza safu hiyo.

Faida ambayo hatukuitarajia ilitokea katikati ya kuandika. Mhandisi aliyekuwa anajaza sehemu ya «nani ataumia» kwa kanuni inayozuia kuendesha programu kutoka `/tmp` alisita, akaenda kuwauliza wenye mfumo wa Java wa malipo. Aligundua kwamba maktaba mojawapo ya mfumo huo hutoa faili la msimbo asilia na kulitupa ndani ya `/tmp` kila inapoanza, kisha hulipakia kutoka humo. Kanuni ilikuwa imepangwa kuanza kutumika kwenye seva hizo wiki iliyofuata. Huduma ingeendelea vizuri mpaka siku itakapowashwa upya, na siku hiyo isingeamka. Saraka ya muda ya Java ilihamishwa kwa kigezo cha `java.io.tmpdir`, na jambo likaisha kabla halijaanza.

Toleo la 3.0.0 la mwongozo lilipofika zamu yake, kanuni ya kupitisha pakiti ilihama tena, mara hii kwenda 3.3.1. Katika hazina yetu ulibadilika mstari mmoja wa jedwali, na Hiera haikuguswa.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kwamba kosa lilikuwa la yule aliyeacha mstari wa Hiera bila maelezo. Mwandishi haafiki. Mstari ule ulikuwa na makosa mawili yaliyofungamana, na la pili lilikuwa letu sote: jina lenyewe la kigezo halikubeba maana. Hata kama angeandika juu yake «seva hizi zina makontena», anayehamisha moduli angeona msamaha wa 3.1.1 unaozihusu seva za makontena, naye asingekuwa na sababu ya kujua kwamba 3.1.1 ya leo si ile ya jana, isipokuwa afungue matoleo mawili ya mwongozo sambamba. Maelezo yangepunguza hatari. Jina lenye maana liliiondoa.

Nyaraka zinazozalishwa kutokana na msimbo zilitudanganya bila kusema uongo. Usahihi wake ndio uliotupumbaza, kwa kuwa tulipima ukamilifu kwa kuhesabu vigezo vilivyoelezwa. Chombo kama Puppet Strings kinaweza kutoa aina ya kigezo, thamani yake ya awali na darasa lake, lakini hakiwezi kutoa kile ambacho mwandishi wa msimbo hakukiandika, na katika moduli ya usalama kile kisichoandikwa mara nyingi ndicho cha maana: kwamba kanuni hii ni nzuri kwa seva ya hifadhidata na ni sumu kwa seva ya makontena. Mwongozo wa CIS wenyewe una maelezo ya sababu na athari kwa kila kanuni. Sisi tulibeba nambari tu.

Noop haikushindwa, sisi ndio tulioshindwa kuisoma. Ripoti ndefu inayochanganya mabadiliko ya majina na mabadiliko ya tabia haisomeki na binadamu aliyechoka. Ingefaa kupeleka kubadilisha nambari peke yake kwanza, ambako ripoti ilitakiwa isiwe na badiliko hata moja la tabia, na mstari wa `ip_forward` ungejitokeza kama mwiba. Hatukufanya hivyo, na nyaraka bora zisingetuokoa hapo.

Si kila tulichobuni kimefanya kazi. Tuliweka ukaguzi wa kiotomatiki unaozalisha REFERENCE.md upya kila badiliko linapoletwa na kulikataa badiliko ikiwa faili lililohifadhiwa linatofautiana na lililozalishwa. Huo umetusaidia sana. Lakini tuliongeza pia ukaguzi unaokataa kigezo kisicho na sehemu zote nne, na baada ya miezi michache tukaanza kuona katika sehemu ya athari sentensi kama «Haina athari inayojulikana», zilizonakiliwa kutoka kigezo kimoja hadi kingine. Mashine huona kwamba sehemu imejazwa, na haioni kwamba hakuna aliyeuliza. Dawa tuliyo nayo kwa sasa ni ya kizamani: anayepitia badiliko humwuliza mwandishi amezungumza na nani mwenye seva zinazohusika, na akikosa jibu badiliko halipiti. Ni polepole, na hulalamikiwa kila wiki.

Mwongozo wa Kiswahili ndio unaofunguliwa zaidi usiku, na ndio unaochelewa zaidi kusasishwa. Marejeo ya Kiingereza yanalindwa na ukaguzi wa kiotomatiki; mwongozo haulindwi na kitu, kwa hiyo kigezo kikibadilika, Kiswahili chake hubaki nyuma hadi mtu wa zamu akwazike. Tumejaribu kuviandika vyote katika faili moja, lugha mbili chini ya kigezo kimoja, lakini REFERENCE.md ikawa ndefu kiasi cha mkaguzi kuuliza kama kuna nakala fupi. Kwa sasa mwongozo una mstari wa juu unaotaja toleo la moduli ambalo ulilinganishwa nalo mara ya mwisho. Uchambuzi huu ulipokuwa unaandikwa, mstari huo ulikuwa nyuma kwa matoleo mawili.